Nakamichi: Kampuni ya Kijapani Iliyojua Kuisikiliza Kaseti

Kama umezaliwa kabla ya mwaka 2000, huenda nyumbani kwenu kuna mfuko wa kaseti ambao hakuna anayethubutu kuutupa. Kwetu Tanga umo ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha Baba. Nyingi ni za taarabu na mawaidha. Lakini kumi na moja ni barua.

Baba alikwenda kufanya kazi Maskati mwaka 1984. Bibi, mama yake, hakuzoea kuandika. Alikuwa akiazima redio kaseti ya jirani, anabonyeza kitufe chekundu na kuzungumza na mwanawe mpaka upande mmoja unakwisha. Kaseti anapewa msafiri, na baada ya wiki kadhaa inarudi nyingine yenye sauti ya Baba. Wasomaji wengi wa Ghuba mnaijua posta hiyo.

Bibi alifariki mwaka 1990, nikiwa na mwaka mmoja. Simkumbuki. Kwa hiyo nilipokwenda likizo mwaka juzi nilimwomba Baba zile kaseti, nikaja nazo hapa Uingereza ninakofanya kazi ya uuguzi. Nikalilipa duka moja linihamishie sauti kwenye kompyuta. Nilichorudishiwa kilinivunja moyo. Bibi yupo, lakini ni kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi gubigubi. Unasikia sauti inapanda na kushuka, maneno huyapati.

Nikaanza kuulizauliza kwa nini. Majibu yakanipeleka Japani, kwenye kampuni moja iitwayo Nakamichi. Nimeona hadithi yake inafaa kusimuliwa hapa, maana inahusu mali ambayo wengi wetu tunayo na hatujui jinsi ya kuitunza.

Karakana ya utafiti

Etsuro Nakamichi aliianzisha kampuni yake Tokyo mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya vita. Aliiita Nakamichi Research Corporation, yaani shirika la utafiti la Nakamichi, na jina hilo halikuwa pambo. Kazi ya mwanzo ilikuwa kubuni na kutengeneza vifaa vya umeme kwa ajili ya wengine. Katika miaka ya 1950 wakaingia kwenye mashine za kurekodi, wakajifunza kutengeneza hedi zao wenyewe. Hedi ni kile kichuma kidogo kinachogusana na utepe na kusoma kilichoandikwa juu yake. Mwenye kujua kutengeneza hedi nzuri ameshika roho ya mashine nzima.

Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa kawaida hawakulijua jina hilo. Deki zilizotoka katika mikono ya Nakamichi ziliuzwa Marekani kwa majina ya kampuni nyingine, kwa mfano Harman Kardon. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo kampuni ilipoamua kutoka mbele kwa jina lake, na ikachagua kujitambulisha kwa kitu ambacho wakubwa wa muziki walikuwa wakikidharau, yaani kaseti.

Kitu cha kusemea

Walikuwa na sababu ya kuidharau. Kampuni ya Philips ilipoionyesha kaseti kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, baada ya kazi ya Lou Ottens na wenzake huko Hasselt, Ubelgiji, haikuwa imekusudiwa muziki mzito. Ilikuwa kitu cha mfukoni cha kurekodia maneno. Utepe wake una upana usiofika milimita 4, na unapita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine kubwa za studio zilikuwa zikivuta utepe kwa sentimita 38 kwa sekunde, mara nane zaidi. Utepe ukiwa mwembamba na ukienda polepole, sauti nyembamba za juu zinakosa nafasi ya kuandikwa.

Nakamichi hawakuukubali ukomo huo. Mwaka 1973 walitoa deki mbili, Nakamichi 1000 na Nakamichi 700, ambazo ziliwashangaza wataalamu. Deki za kawaida zilikuwa na hedi mbili, moja ya kufuta na nyingine ya kufanya kazi mbili, kurekodi na kucheza. Tatizo ni kwamba kazi hizo mbili hazitaki umbo moja. Ufa wa hedi ya kurekodi unafaa uwe mpana kidogo, na wa kuchezea uwe mwembamba sana. Hedi moja ikifanya yote mawili, inakuwa kama kisu kimoja cha kukatia mkate na kuchongea kalamu. Nakamichi waliweka hedi tatu, kila moja na kazi yake.

Hawakuishia hapo. Umewahi kuona kijisponji kidogo ndani ya kaseti, kinachousukuma utepe uguse hedi? Nakamichi waliona kijisponji hicho kinautikisa utepe, wakabuni namna ya kukisogeza pembeni na kuuacha mtambo wao wenyewe uushike utepe kwa utulivu. Matokeo yake, kile kitu cha kusemea kikaanza kutoa sauti hadi hezi 20,000, ambao ndio mpaka wa juu wa sikio la kijana mwenye afya.

Pembe ya hedi

Sasa tunafika kwenye ugonjwa wa kaseti za Bibi. Ufa wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa ukilinganisha na mwendo wa utepe. Mafundi huuita mkao huo azimuthi. Hedi ikilala mshazari hata kidogo sana, sauti za juu zinapotea.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine iliyolala mshazari inabeba mshazari huohuo. Ukiicheza kwenye mashine ileile, inasikika vizuri. Ukiipeleka kwenye mashine nyingine iliyonyooka kabisa, inasikika imefifia. Redio kaseti ya jirani yetu Tanga ilikuwa na mkao wake, na ya Baba kule Maskati ilikuwa na mkao mwingine. Duka lililonihudumia lilikuwa na mashine iliyonyooka, na kwa sababu hiyohiyo ikamfunika Bibi blanketi.

Mimi jambo hili nililielewa haraka kwa sababu ya kazi yangu. Wodini tunahudumia wazee wengi ambao masikio yao yamechoka, na sikio likizeeka huanza kupoteza sauti za juu. Mzee wa namna hiyo haoni kwamba dunia imekuwa kimya. Anakwambia, "Nakusikia, ila sikuelewi." Vokali anazipata, maana ziko chini. Herufi kama s, sh na f, ambazo ziko juu, zinampita. Kumpigia kelele hakusaidii. Unamgeukia, unainama mpaka usawa wa uso wake, unasema taratibu. Wewe ndiye unayejirekebisha.

Dragon

Mwaka 1982 Nakamichi walitoa deki iliyofanya hivyo hasa. Waliipa jina Dragon, na mpaka leo wapo wanaoitaja kama deki bora ya kaseti iliyowahi kutengenezwa.

Siri yake iko kwenye hedi ya kuchezea. Njia ya sauti ya upande wa kulia inasomwa na vipande viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini. Hedi ikikaa sawasawa na jinsi kaseti ilivyorekodiwa, vipande vyote viwili vinaisikia sauti kwa wakati mmoja. Ikikaa mshazari, kimoja kinatangulia na kingine kinachelewa kidogo mno. Saketi ya ndani inalinganisha, kisha mota ndogo inaigeuza hedi kidogo kidogo mpaka vipande viwili vipatane. Mashine inaendelea kufanya hivyo muda wote kaseti inapozunguka, bila wewe kugusa chochote.

Katika miaka hiyohiyo walitoa pia deki za RX, ambazo upande mmoja ukiisha zinaitoa kaseti nje kidogo, zinaigeuza kama unavyoigeuza kwa mkono, na kuirudisha ndani. Wenzao walikuwa wakigeuza mwendo wa utepe, jambo lililosumbua ule mkao wa hedi. Nakamichi waliona afadhali kaseti yote igeuke kuliko hedi ipoteze pembe yake.

Walichelewa kuondoka

Oktoba ya mwaka huohuo wa 1982, Sony waliuza Japani mashine yao ya kwanza ya CD, CDP-101. CD haina azimuthi wala utepe unaovutika. Nakamichi walifika kileleni mwa mlima wao mwaka uleule ambao watu walianza kuhamia mlima mwingine.

Walijitahidi. Walitengeneza mashine za CD na amplifaya, na gari la Lexus LS 400 lilipotoka mwaka 1989 liliweza kununuliwa likiwa na muziki wa Nakamichi. Lakini sifa yao ilikuwa imefungwa kwenye kaseti, na kaseti ilikuwa inakufa. Mwaka 1997 kampuni ikachukuliwa na kundi la Grande la Hong Kong. Niro Nakamichi, wa familia hiyo, akaondoka na kuanzisha shughuli yake mwenyewe. Februari 2002 kampuni ikatangaza kufilisika. Jina bado utaliona madukani kwenye spika za televisheni, lakini ile karakana ya hedi haipo tena.

Wapo wanaosema hilo ni funzo kwa wafanyabiashara, kwamba usipende bidhaa moja kupita kiasi. Sibishi. Ila mashine zilizozaliwa na mapenzi hayo bado zinazunguka, na moja nimekaa mbele yake.

Alichosema Bibi

Fundi mmoja mstaafu wa mji huu, mzee wa Kiingereza, anayo Dragon ambayo huitengeneza mwenyewe. Nilimpelekea kaseti moja tu kwanza, ya mwaka 1987.

Niliichagua kwa sababu. Mwaka ule Babu alifariki, na mwajiri wa Baba hakumpa ruhusa ya kusafiri. Hakuwahi mazishi wala arobaini. Kaseti ya Bibi ilipofika Maskati, Baba aliisikiliza kwenye redio yake, na katikati ya mvumo akapata maneno haya: "Ya msiba tumemwachia Mungu… akusamehe, mwanangu." Yaani yeye mama hana la kusema, amemwachia Mungu ndiye amsamehe. Mwaka uliofuata alirudi likizo, Bibi akampokea vizuri, akampikia. Lakini Baba hakuthubutu kuuliza, na Bibi hakulirudia. Miaka 30 na zaidi Baba aliishi na sentensi hiyo.

Yule mzee alibonyeza kitufe. Sekunde chache za mwanzo blanketi lilikuwepo. Kisha likafunuka. Nikasikia jogoo, nikasikia mtu anatwanga mbali, nikamsikia Bibi anavuta pumzi. Halafu akasema, kwa haraka kama watu wa kwetu wanavyosema:

"Ya msiba tumemwachia Mungu. Nishakusamehe, mwanangu."

Ile "ni" aliitamka kwa pumzi, na "sh" ni sauti ya juu. Kwenye redio ya Maskati zote mbili zilipotea, ikabaki "akusamehe".

Nilimpigia Baba jioni ileile. Sikumweleza kitu. Baada ya shikamoo nilimwambia, "Baba, sikiliza hapa," nikaweka simu karibu na spika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Sijui tulirudia mara ngapi.

Ukiwa na mfuko wako wa kaseti

Huna haja ya kununua Dragon. Fanya haya:

- Vunja vile vipembe viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya.
- Usianze kwa kuijaribu kwenye redio ya zamani iliyolala stoo. Raba zilizochakaa hula utepe. Safisha kwanza hedi kwa pamba na spiriti.
- Kaseti iliyokaa miaka mingi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kuicheza. Utepe ukilegea, unajua dawa yake, kalamu ya bik.
- Ukienda dukani uliza swali moja: "Mnarekebisha pembe ya hedi kwa kila kaseti?" Kwenye deki nyingi kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi. Fundi anayejua huizungusha kidogo kwa bisibisi huku anasikiliza, mpaka sauti inapong'aa. Wasipokuelewa, chukua kaseti zako uondoke.
- Omba faili isiyobanwa, aina ya WAV. Ile ya kutuma WhatsApp itengenezwe baadaye kutoka kwenye hiyo. Weka nakala mbili mahali pawili, na uandike nani anazungumza, wapi, mwaka gani, wakati wazee wanaozitambua sauti bado wapo.

Kwangu zimebaki kaseti kumi. Baba anataka tuzisikilize pamoja, kwa hiyo nasubiri likizo.