Mvumo wa Umeme katika Kanda za Ekegusii

Lugha ya Ekegusii ina irabu saba, ilhali maandishi yake ya kawaida huziandika kwa herufi tano tu. Kwa hiyo kanda ya sauti yahifadhi tofauti ambazo kitabu hakionyeshi. Anayejitolea pale Nyanchwa, mjini Kisii, kuziweka kanda kuukuu kwenye intaneti hana budi kuuchunguza mwendo wa kinasa-sauti chake: kikienda kasi mno, irabu hupotoka. Kipimo kimo kandani. Umeme wa Kenya huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na aghalabu mvumo wake hunaswa pamoja na masimulizi. Mvumo ulionaswa ukipimwa 52, kanda inakimbia kwa asilimia 4. Basi usiusafishe kabla ya kuupima. Zilizorekodiwa kwa betri hazina mvumo huo. Hapo aulizwe mzee aliyemjua msimulizi.