Tarakilishi imezimwa, mbona printa ingali kwenye soketi?

JIONI ofisi inapofungwa, wafanyakazi huzima tarakilishi zao, wakachukua mikoba na kwenda zao. Kwenye soketi husalia printa, skana, spika, modemu na chaja za kila aina, vitaa vyake vikimeta gizani hadi asubuhi. Je, kuna hasara yoyote? Au ni afadhali kila kitu kichomolewe?

Jibu hutegemea kifaa chenyewe na mahali kilipochomekwa. Aghalabu watu huchanganya mambo mawili: kifaa kilichounganishwa na tarakilishi, mathalan kipanya au kibodi, na kile chenye waya wake kinachopata umeme moja kwa moja kutoka ukutani.

Tuanze na gharama, maana ndiyo huulizwa kwanza. Kifaa kinachovuta wati 1 usiku na mchana kwa mwaka mzima hutumia uniti 8.76 za umeme. Tukichukulia kwamba uniti moja inauzwa kwa Sh30, hizo ni kama Sh263. Kipanya na kibodi ya kawaida hupata volti 5 kupitia tundu la USB na havivuti hata wati 1. Kuvichomoa kila jioni ni kujisumbua bure. Isitoshe, tundu lenyewe huchakaa. Kiwango cha awali cha USB kilitaka tundu pana la kawaida lihimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Anayefanya hivyo kila siku atafikisha idadi hiyo baada ya miaka minne hivi.

Printa na spika ni suala jingine. Printa ya leza iliyolala bila kuzimwa ikivuta wati 4, mwenyewe atalipa zaidi ya Sh1,000 kwa mwaka bila kuchapisha hata ukurasa mmoja. Spika za zamani zenye adapta nzito hufyonza umeme hata zikiwa kimya. Ukiigusa adapta hiyo na kuihisi ina joto, basi joto hilo umelilipia. Adapta za kisasa ni nyepesi na hazina uroho huo. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2008 zilizotaka vifaa vingi vya nyumbani na ofisini visizidi wati 1 vinapokuwa vimezimwa, kuanzia 2010, kisha wati 0.5 kuanzia 2013. Hata hivyo, anayenunua mitumba ya ofisi za ng'ambo huenda akauziwa mashine iliyoundwa kabla ya kanuni hizo.

Lakini kusema kweli, senti hizo si sababu kuu ya kuchomoa. Hatari kubwa ni umeme unaporudi baada ya kupotea.

Wakenya wengi wanakumbuka Juni 7, 2016, siku ambayo tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikabaki gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili mwenyewe alinusurika.) Mnamo Agosti 25, 2023 umeme ulipotea tena karibu kote nchini. Katika visa kama hivyo, na hata katika vile vidogo vya mtaani ambavyo haviandikwi magazetini, nguvu za umeme zinaporejea hazirejei kwa utulivu. Friji, pampu na mashine za mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja, volti zikashuka na kupanda. Ikiwa waya wa nyutro umekatika, nyumba iliyozoea volti 240 inaweza kupata volti zinazokaribia 415. Kifaa kilichochomekwa, hata kama kitufe chake kimezimwa, mara nyingi kina sakiti ndani yake ambayo bado inapokea umeme huo.

Mwandishi wa makala haya alilipata funzo hilo kwa printa iliyonunuliwa kwa pesa za chama. Umeme ulipotea saa mbili usiku, ukarudi alfajiri, na kukipambazuka chumba kilikuwa kikinuka plastiki iliyoungua. Mkopo uliendelea kulipwa kwa miezi saba zaidi. Kwa mwenye kibanda cha kuchapishia watu fomu na vyeti, hasara ya namna hiyo hufunga biashara.

Kuna pia radi. Wakazi wa Kisii na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa. Fyuzi iliyo ndani ya plagi haisaidii, kwani huchelewa kuyeyuka ilhali radi imekwisha kupita. Hata kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: pengo lililo ndani ya swichi ni dogo na radi huliruka. Mawingu yakitanda, chomoa plagi yenyewe, na usisahau waya wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye antena ya paa. Fanya hivyo kabla ngurumo hazijakaribia. Zikishafika, usiziguse nyaya hizo.

Vizuizi vya mshtuko wa umeme vinavyouzwa madukani husaidia, ila vingi hutegemea waya wa ardhini. Yule anayechokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili ipenye hana ulinzi huo, hata awe amenunua kizuizi cha bei gani. Vizuizi hivyo pia huchoka kila vinapopigwa, na huenda kitaa chake kikaendelea kuwaka ilhali kazi kimeacha.

Sasa, kuna vifaa visivyofaa kung'olewa kiholela. Printa ya wino wa maji huzimwa kwanza kwa kitufe chake, ikasubiriwa inyamaze, ndipo ichomolewe. Katika sekunde hizo kichwa chake hurudi pembeni na kufunikwa kifuniko. Ukikata umeme ghafla, kichwa hubaki wazi, wino ukakauka katika matundu yake, na utatumia wino mwingine mwingi kukisafisha. Diski ya nje nayo iagwe kwanza kupitia tarakilishi, kwa sababu huenda baadhi ya data bado haijaandikwa. Wanafunzi kadha wamepoteza tasnifu kwa haraka ya kuwahi matatu.

Betri ya akiba ya tarakilishi, ile inayoitwa UPS, ndiyo ya kuachwa kwenye soketi siku za kawaida. Ikikaa miezi bila chaji, betri yake huharibika, na siku umeme utakapopotea haitakuwa na la kukupa.