Kusomea Sheria kwa Simu: Yanayosaidia na ya Kuepuka

Mwanafunzi wa sheria hutumia muda mwingi kusoma hukumu za mahakama. Zamani hukumu hizo zilikuwa katika vitabu vizito vya bei ghali, vilivyopatikana hasa katika maktaba za vyuo na ofisi za mawakili. Siku hizi, mwanafunzi aliye nyumbani Mutomo au Kilungu wakati wa likizo anaweza kuzisoma kwa simu, gharama yake ikiwa bando pekee.

Zinapatikana wapi?

Tovuti ya Kenya Law ina Katiba ya 2010, sheria za Bunge, sheria za kaunti na maamuzi ya mahakama, yakiwemo ya Mahakama Kuu ya Kitui na ya Makueni. Kuisoma ni bure. Mhadhiri anayefundisha kuhusu mazingira, kwa mfano, anaweza kuwaelekeza wanafunzi waifungue Sheria ya Kaunti ya Makueni ya mwaka 2015 kuhusu uhifadhi na matumizi ya mchanga, kisha wajadili kifungu kwa kifungu. Hapo ndipo teknolojia husaidia darasani: mwanafunzi anaposoma sheria yenyewe badala ya kunakili maelezo kutoka ukutani.

Kutambua uamuzi wa kweli

Kila uamuzi kwenye tovuti hiyo una nambari yake. Uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu BBI, uliotolewa tarehe 31 Machi 2022, ni [2022] KESC 8 (KLR). KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni Mahakama ya Rufani, na KEHC ni Mahakama Kuu.

Nambari hizi ni muhimu kwa sababu programu za akili unde huweza kubuni kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Mwaka 2023, mawakili wawili wa New York pamoja na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mwanafunzi akipewa kesi na programu kama hiyo, aitafute kwanza Kenya Law na kuisoma. Asipoipata, asiitumie hadi athibitishe kwamba ipo.

Wazazi na jamii wasaidie vipi?

Simu peke yake haitoshi. Mwanafunzi anahitaji mahali penye utulivu, umeme wa kuchaji na bando. Mtandao ukiwa dhaifu kijijini, apakue hukumu kadhaa akiwa mjini Wote, Kitui au Mwingi, azisome baadaye bila intaneti. Darasa la mtandaoni likikatika kila mara, amwombe mhadhiri rekodi au maandishi ya somo.

Faida kwa mkazi

Ujuzi huu unahitajika mahakamani pia. Mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni ulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ukapanuliwa kote nchini. Mwanafunzi anaweza kumsaidia jirani kupata sheria ya ardhi au urithi na kuisoma. Hata hivyo, yeye bado si wakili, na kufanya kazi ya uwakili bila leseni ni kosa. Asiyeweza kumlipa wakili aulize kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2016.