Mtoto ameshaungama, mama bado: Njia ya kurudi kwenye Komunyo

Jumapili, wakati wa Komunyo, mabenchi huanza kuachia watu mmoja mmoja. Wa mbele wanatoka, wa nyuma wanafuata. Wapo wanaobaki. Wanasogeza magoti pembeni ili wengine wapite, kisha wanainamisha kichwa mpaka safu iishe.

Chukua mfano wa mama wa miaka 41. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata Kipaimara, akaimba kwaya alipokuwa sekondari. Alipokuja mjini kutafuta maisha alianza kuishi na mzazi mwenzake bila ndoa, akaiacha jumuiya, na sasa ni miaka 16 tangu aungame mara ya mwisho. Mwaka huu binti yake wa miaka 10 anapokea Komunyo ya Kwanza. Mafundisho yamekwisha, gauni jeupe liko kwa fundi, na mtoto ameungama kwa mara ya kwanza maishani. Aliporudi nyumbani aliuliza swali moja: “Mama, siku hiyo tutakomunika wote?”

Kwa kawaida hakuna anayesimama mlangoni kukagua nani ameungama. Mama huyu angeweza kuingia kwenye safu, akapokea, picha zikapigwa na ndugu wakafurahi. Kinachomzuia ni dhamiri yake, na Kanisa linamwambia kwamba dhamiri hiyo asiipuuze.

Sheria inasemaje

Kanuni ya 916 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaeleza kwamba anayejua ana dhambi kubwa asipokee Ekaristi kabla ya kuungama. Kama ipo sababu nzito na hakuna nafasi ya kuungama, afanye majuto kamili, ndani yake ikiwemo nia ya kuungama mapema iwezekanavyo. Hata watoto wa Komunyo ya Kwanza hupitia Kitubio kwanza. Wajibu wa kuungama walau mara moja kwa mwaka uliwekwa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, na hadi leo unawahusu wenye dhambi kubwa.

Dhambi huitwa ya mauti pale mambo matatu yanapokutana: jambo lenyewe ni zito, mtu anajua kuwa ni zito, na amelitenda kwa hiari. Kuacha Misa ya Jumapili kwa makusudi ni miongoni mwa mambo mazito. Lakini aliyekuwa amelazwa, au mama aliyebaki nyumbani na kichanga, hakutenda dhambi kwa Jumapili hizo. Wengi hujibebesha mzigo usio wao.

Hofu zinazowakwamisha

Hofu ya kwanza ni kujulikana. Siri ya maungamo haina mlango wa nyuma. Padre haruhusiwi kuitoa kwa neno wala kwa ishara, kwa sababu yoyote ile, na anayeivunja moja kwa moja hutengwa na Kanisa papo hapo. Bibi anayeungama kwa lugha ya kwao kupitia mkalimani analindwa pia, kwani mkalimani naye anabanwa na siri hiyo. Tena hakuna anayelazimishwa kuungama kwa paroko wake. Mtu anaweza kwenda parokia nyingine, kwa padre yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha.

Hofu ya pili ni kusahau. Aliyesahau sala na utaratibu aseme hivyo tangu mwanzo: “Padre, ni miaka 16, naomba unisaidie.” Hapo padre atamwongoza kwa maswali. Dhambi kubwa hutajwa kwa aina yake na idadi kadiri mtu anavyokumbuka. Kusema “karibu kila Jumapili kwa miaka hiyo yote” kunatosha kwa asiyeweza kuhesabu. Iliyosahaulika kweli husamehewa pamoja na nyingine, na ikikumbukwa baadaye hutajwa maungamo yanayofuata. Kuificha kwa makusudi ni jambo jingine, kwa sababu huyaharibu maungamo yote.

Hofu ya tatu huwabana wanawake wengi kimya kimya, nayo ni ya utoaji mimba. Wapo wanaoamini kwamba dhambi hiyo haina padre wa kuiondoa mpaka wafike kwa askofu. Tangu Novemba 2016, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondolea. Pamoja na hayo, kama kumbukumbu hiyo inamnyima mtu usingizi au hamu ya kula, amwone pia mtaalamu wa afya au mnasihi. Kitubio huondoa dhambi, nacho kituo cha afya hutibu maradhi. Mtu mmoja anaweza kuvihitaji vyote viwili.

Suala la ndoa

Kwa mama wa mfano huu, kuungama peke yake hakumalizi. Maungamo yanadai nia ya kubadilika, naye bado anaishi kinyumba. Hatua yake ya kwanza ni kumwona paroko ofisini, ikiwezekana pamoja na mwenzake.

Kama wote wawili ni Wakatoliki na hakuna aliyefunga ndoa kabla, njia ni fupi kuliko wanavyodhani. Wapenzi wengi huahirisha kubariki ndoa wakisubiri kamati, michango na ukumbi. Kanisa halidai hayo. Baada ya maandalizi na matangazo, linadai maarusi wenye hiari, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Inaweza kufanyika siku ya kazi asubuhi, na chakula kikawa chai na maandazi nyumbani.

Kama mwenzake ni Mwislamu, ruhusa ya askofu itahitajika. Kama mmoja alishafunga ndoa kanisani na mtu mwingine, suala hupelekwa mahakama ya Kanisa, ambayo taratibu zake zilifupishwa mwaka 2015. Wakati wa kusubiri, wahusika hawajafukuzwa. Misa, jumuiya na sala ni vyao.

Walioondoka wakabatizwa tena kwingine nao wasiogope. Kanisa Katoliki halirudii ubatizo uliofanyika kwa uhalali. Nao waanzie kwa paroko.

Kujiandaa

Usingoje Jumamosi ya kuamkia Pasaka, foleni ikiwa imezunguka kanisa. Aliyekaa miaka mingi aombe muda siku ya kawaida. Nyumbani akae kimya, apitie amri za Mungu na miaka yake, aandike akitaka, na karatasi aichane baadaye. Akishaondolewa, malipizi aliyopewa ayatimize mapema asije akayasahau.

Siku ya kukomunika, mfungo ni saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa haviuvunji, hivyo mwenye kisukari au shinikizo la damu asiruke dozi kwa ajili ya Misa. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo. Mgonjwa asiyeweza kufika kanisani aitiwe padre mapema, angali anaweza kuzungumza. Katika hatari ya kufa, padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi.

Jibu kwa mtoto

Inawezekana ndoa isiwe tayari kabla ya siku ya binti. Hapo mama ana njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye safu kwa ajili ya picha, akijua moyoni kwamba hajajipatanisha. Ya pili ni ngumu zaidi kwa siku moja, lakini ni nyepesi kwa miaka ijayo: abaki kwenye benchi, amtazame mwanawe akipokea, na kabla ya siku hiyo amwambie ukweli kwa maneno ya kitoto. “Mama ameanza kujiandaa, ameshaonana na padre. Utanisubiri?”

Mtoto wa miaka 10 aliyetoka kuungama juzi anaelewa maana ya kujiandaa. Huenda hata akajitolea kumkumbusha mama yake Sala ya Kutubu, ambayo yeye bado anaijua kwa moyo.