Basi la Mraru na Hesabu za Wanafunzi

Mradi wa ushauri wa kujitolea, ambamo wanafunzi wa biashara hukagua bila malipo mahesabu ya taasisi za mikopo midogo, yaani zile zinazowakopesha watu wasio na dhamana ya kutosha benki, na ya vikundi vinavyokopa kwazo, hupimika vizuri zaidi ukitazamwa kupitia basi la akina mama wa Mraru, karibu na Voi. Wanawake hao, waliochoka kukosa nafasi katika magari ya kwenda sokoni, waliweka akiba kidogo kidogo, wakaongeza mkopo, na katikati ya miaka ya 1970 wakanunua basi lao, kisa ambacho baadaye kilisimuliwa nje ya Kenya kama mfano wa kujitegemea.

Ushirika na nidhamu walikuwa nazo tayari. Penye ugumu ni uchakavu, yaani thamani ambayo gari hupoteza kila mwaka, kwa kuwa nauli huonekana faida tupu mpaka injini ifapo na fedha za kununua gari jingine zikakosekana. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye daftari hufaa, ilimradi asikilize kwanza (jambo ambalo wanafunzi wa kigeni wanaokuja kwa miezi miwili tu hulisahau upesi).

Kwa sababu hiyo, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hadhi kamili mwaka 2016 na ambacho wanafunzi wake wanaweza kurudi kijijini maswali yanapozuka, kinafaa kwa kazi hii kuliko timu yoyote itokayo ng'ambo.