Gharama za Umeme na Gesi Nyumbani: Namna ya Kubana Matumizi bila Kumdhuru Mgonjwa

Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia bibi mmoja aliyekuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, maradhi aliyoyapata baada ya kupika kwa kuni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mashine ya kuzalisha oksijeni, ambayo ukoo mzima uliichangia. Katika muda wa miezi mitatu alirejea wodini mara tatu, kila mara miguu ikiwa imevimba na kiwango cha oksijeni katika damu kimeshuka. Tulibadili dawa, tukapima moyo, tukashuku kwamba hatumii vipulizi ipasavyo. Mara ya tatu ndipo mkwewe aliponisogelea kando ya kitanda, akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, samahani, tusikufiche. Mashine tunaizima saa nne usiku. LUKU haitoshi."

Hakuna aliyekuwa amewauliza habari za umeme, na mimi ni mmojawapo wa wasiouliza. Makala haya yanakusudia kueleza namna gharama za umeme na gesi zinavyogusa matibabu ya nyumbani, ni wapi familia inaweza kupunguza matumizi bila madhara, na ni wapi haipaswi kupunguza hata kidogo.

Kuufahamu mzigo wenyewe

Umeme hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni sawa na kifaa cha wati 1,000 kinachofanya kazi kwa saa moja. Ili kujua kifaa kinatumia kiasi gani, soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, zidisha kwa idadi ya saa, kisha gawanya kwa 1,000. Hesabu hii rahisi huondoa dhana nyingi potofu.

Hita ya kuogea ya wati 4,500 ikitumika kwa dakika 10 hula uniti 0.75. Watu wanne wakioga kila siku kwa namna hiyo, hita peke yake hula uniti 90 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa hula nusu uniti. Kwa upande mwingine, mashine ya kuvuta dawa ya pumu kwa mvuke, yaani nebulaiza, yenye wati 150 na inayotumika kwa dakika 10, hula uniti 0.025 tu. Ikitumika mara tatu kila siku, kwa mwezi mzima haifikishi uniti tatu. Hata hivyo, nimekutana na wazazi waliompunguzia mtoto dozi za nebulaiza ili kuokoa umeme, ilhali hita ya bafuni iliendelea kuwaka asubuhi na jioni. Hawakuwa wazembe, bali hawakuwa na hesabu.

Nchini Tanzania, wateja wa majumbani wenye matumizi madogo huwekwa katika daraja ambalo uniti 75 za mwezi huuzwa kwa bei nafuu, na anayevuka kiwango hicho hulipa bei kubwa zaidi. Aidha, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, ndiyo maana ununuzi wa kwanza wa mwezi huweza kuleta uniti chache kuliko ilivyotarajiwa. Familia yenye mgonjwa ipange fedha zake ikijua jambo hilo, ili umeme usikatike katika siku za mwanzo wa mwezi.

Mashine ya oksijeni

Mashine ya oksijeni ya lita tano hutumia takribani wati 350. Ikifanya kazi usiku na mchana hula uniti 8.4 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 250 kwa mwezi. Kwa bei ya daraja la kawaida, ambayo pamoja na kodi imekuwa ikikaribia shilingi 360 kwa uniti, gharama hiyo ni takribani shilingi 90,000 kila mwezi kwa mashine peke yake. Kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani bila kuitaja hesabu hiyo ni sawa na kumwandikia dawa ambayo hakuna anayejua bei yake.

Kwa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 1980 na 1981, ya Marekani na Uingereza, yalionesha kwamba oksijeni hurefusha maisha ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa endapo itatumika kwa muda mrefu kila siku. Ndiyo maana hadi leo hushauriwa saa zisizopungua 15 kwa siku, na saa za usingizi ziwe ndani yake, kwa kuwa oksijeni ya damu hushuka zaidi mtu anapolala. Familia niliyoitaja ilikuwa ikiizima mashine katika saa zile hasa ambazo bibi aliihitaji kuliko zote.

Tulikaa nao tukapanga upya. Mashine iliwashwa kuanzia jioni hadi asubuhi na kwa saa chache za mchana, jumla saa 15. Matumizi yake yakawa takribani uniti 158 kwa mwezi badala ya 250, na hita ya bafuni ikastaafishwa. Tangu hapo bibi aliendelea kuja kliniki kwa miguu yake, na safari za wodini zikakoma kwa muda mrefu.

Mpango wa namna hii haufai kwa kila mgonjwa. Wapo wanaohitaji oksijeni saa zote, na uamuzi huo ni wa daktari anayemhudumia. Baadhi ya familia hupunguza mtiririko wa oksijeni zikidhani zinaokoa umeme. Katika mashine nyingi unafuu wake ni mdogo mno, ilhali madhara kwa mgonjwa ni makubwa. Mgonjwa anayetumia oksijeni akae mbali na jiko la aina yoyote, na asivute wala kuvutiwa sigara karibu naye, kwa sababu oksijeni huukuza moto kwa kasi.

Insulini na jokofu

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu, mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi 30, kwa takribani wiki nne kwa aina nyingi. Hivyo umeme ukikatika, au LUKU ikiisha kwa siku moja, mgonjwa asiitupe dawa wala asiache kujichoma sindano.

Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 na uliozingatia hali ya joto ya kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionesha kwamba aina kadhaa za insulini zilihifadhi nguvu yake kwa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa asiye na jokofu, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati yake mchanga uliolowanishwa maji, hupunguza joto bila gharama ya umeme. Jambo la kukumbuka ni kwamba insulini iliyoganda kwa baridi haifai tena, hivyo isiwekwe katika sehemu ya kugandishia barafu.

Gesi inapoisha kabla ya mwezi

Tatizo la gesi ya kupikia si bei peke yake, bali ni namna ya kuinunua. Mtungi wa kilo 6 au 15 hujazwa kwa malipo ya mara moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo. Kwa sababu hiyo kaya nyingi zenye jiko la gesi hurudi kwenye mkaa kila mtungi unapokwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa nishati za kupikia majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litakuwa na maana kiafya pale tu familia itakapomudu kuujaza mtungi kila unapokwisha.

Yafuatayo huufanya mtungi udumu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, kisha yachemshe kwa nguvu walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage mekundu yasiyoiva huleta kutapika. Funika sufuria. Safisha matundu ya jiko ili moto uwe wa bluu, kwani moto wa njano huashiria gesi isiyoungua vizuri. Maji ya kunywa yanaweza kutibiwa kwa dawa ya klorini inayouzwa dukani badala ya kuchemshwa kila siku. Jiko la presha la umeme, kwa mwenye nalo, hupika chungu cha maharage kwa kiasi ambacho kwa kawaida hakifiki uniti moja.

Usilaze mtungi wala kuuweka ndani ya maji ya moto ili kukamua gesi ya mwisho. Ukisikia harufu ya gesi, fungua milango na madirisha, funga mtungi, na usiguse swichi yoyote, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni.

Mkaa ndani ya chumba

Ikilazimu kurudi kwenye mkaa, jiko liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, jambo ambalo bado hutokea katika nyanda za baridi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja.

Wahudumu wa afya wakumbuke kwamba kipima oksijeni cha kidoleni hakitofautishi kaboni monoksidi na oksijeni. Kinaweza kuonesha asimilia nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, mpe oksijeni kwa kiwango cha juu bila kusubiri kipimo, na uulizie hali ya wengine waliolala katika nyumba hiyo.

Maswali matatu kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, na katika kila ziara ya kliniki, napendekeza maswali matatu: Mwezi huu mmepika kwa nishati gani? LUKU ikiisha, huwa mnazima kitu gani kwanza? Mtungi wa gesi ukiisha, huchukua siku ngapi kabla haujajazwa? Yaulizwe kwa staha, faraghani, na bila kulaumu, kwa kuwa watu wengi huona haya kukiri kwamba wamekosa umeme.

Kwa mgonjwa na familia yake, ombi langu ni kwamba msisubiri kuulizwa. Mkiona kwamba mashine, dawa au chakula cha mgonjwa vinagongana na fedha ya umeme au ya gesi, semeni mapema. Tukijua, tunaweza kupanga saa za mashine, kubadili namna ya kuhifadhi dawa, au kuwaelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali.