Shibam: Mji wa majumba ya udongo yanayoigusa mbingu ya jangwa

MAJENGO marefu ya jangwani yanapotajwa, wengi hukumbuka Dubai na jumba la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828, lililofunguliwa mwaka wa 2010. Hata hivyo, karne nyingi kabla ya saruji na lifti kufika Uarabuni, wakazi wa Shibam, katika bonde la Hadhramaut nchini Yemen, walikuwa wakiishi katika nyumba ndefu zilizojengwa kwa udongo.

Mji huo ulijengwa upya katika karne ya 16 baada ya kuharibiwa na mafuriko. Nyumba zake, zipatazo 500, zimesongamana ndani ya ukuta mmoja, na baadhi zina orofa saba au zaidi. Ndiposa wageni wakaubandika jina la "Manhattan ya jangwani".

Kwa nini wenyeji walijenga kuelekea juu ilhali jangwa ni pana? Sababu ni tatu. Kwanza, mji uko kwenye mwinuko unaouepusha na mafuriko, na mwinuko huo ni mdogo. Pili, ardhi yenye rutuba bondeni ni haba, hivyo iliachiwa mitende na nafaka. Tatu, nyumba zilizobanana ndani ya ukuta zilikuwa rahisi kulindwa dhidi ya wavamizi.

Matofali hutengenezwa kwa udongo na mabua makavu, kisha huanikwa juani. Kuta ni nene chini na hupungua unene kadiri zinavyopanda. Orofa za chini zilikuwa ghala na zizi. Familia iliishi juu. Baadhi ya nyumba zimeunganishwa kwa milango ya juu, hivi kwamba mtu huweza kumtembelea jirani bila kushuka barabarani. Paa hupakwa chokaa ili kuzuia mvua.

Adui mkuu wa udongo ni maji. Nyumba isipokandikwa upya mara kwa mara, hulika na hatimaye huporomoka. UNESCO iliutambua Shibam kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1982, lakini mafuriko ya Oktoba 2008 yaliuathiri. Vita vilipozuka, shirika hilo liliuorodhesha miongoni mwa turathi zilizo hatarini mwaka wa 2015. Tangu 2018, mradi uliofadhiliwa na Muungano wa Ulaya umewalipa vijana wa Yemen kukarabati majengo ya kale, yakiwemo ya Shibam.

Hatima ya mji huo si jambo geni kwa Waswahili. Kutoka Hadhramaut, kupitia bandari ya Shihr, walitoka wahamiaji waliolowea Lamu, Mombasa na Unguja, na hata leo wazao wao huitwa Washihiri.

Umaskini ulioletwa na vita ndio tishio kubwa sasa, kwani mwenye nyumba asiyemudu chakula hawezi kumlipa fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Shibam, ukuta wenyewe ndio historia, na ukianguka haujengeki tena ukawa ule ule.